Ngazi ya Broadway: Maonyesho ya Maiti wa Antietam, 1862

Mwezi wa Oktoba mwaka 1862, mtu aliyepita katika njia kuu ya Broadway mjini New York, akafika penye pembe ya Mtaa wa Kumi, aliona kibao kidogo kimetundikwa mlangoni pa nyumba ya picha ya Mathew Brady. Kibao hicho kilikuwa na maneno machache tu: Maiti wa Antietam. Nyumba yenyewe ilikuwa mashuhuri tangu ilipofunguliwa mwaka 1860. Wakuu wa serikali, majenerali, waigizaji wa michezo na wake wa matajiri walikwenda kwa Brady kupigwa picha, na wale wasiokuwa na fedha za kupigwa picha walipanda ngazi kwenda kuzitazama za wenzao. Brady ndiye aliyempiga picha Abraham Lincoln mwezi wa Februari 1860, miezi michache kabla hajachaguliwa kuwa Rais. Kwa hiyo watu wa New York walikuwa wamezoea kwenda kwake kwa furaha, na nguo zao nzuri mwilini, kuona nyuso za walio hai.

Safari hii walipanda kimya. Gazeti la New York Times la tarehe 20 Oktoba lilieleza jinsi makundi ya watu yalivyokuwa yakipanda ngazi ile bila ya kukoma, na jinsi walivyosimama kwa heshima, wameinama juu ya picha kama watu waliofika matangani. Picha zenyewe hazikuwa kubwa. Nyingi zilikuwa za kadiri ya kiganja cha mkono, na aliyetaka kuona sawasawa alichukua kioo cha kukuzia, akakisogeza taratibu juu ya karatasi, na papo hapo kile kilichoonekana kwanza kuwa rundo la nguo kikawa mtu mwenye ndevu, mdomo u wazi, vifungo vya koti vimekatika.

Yafaa kwanza kukumbusha habari ya vita vyenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza mwezi wa Aprili 1861, baada ya majimbo ya Kusini, yaliyoishi kwa kilimo cha pamba na kazi ya watumwa, kujitenga na serikali ya muungano. (Pamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikifumwa katika viwanda vya Massachusetts ikawa kitambaa cha merikani, ambacho wafanyabiashara wa Salem walikileta Unguja, na wapagazi wakakichukua bara hadi Unyanyembe na Ujiji. Vita vilipokaza, merikani iliadimika madukani, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika nafasi yake. Hivyo hata pwani ya Afrika Mashariki ilisikia kishindo cha vita vile, ingawa wengi hawakujua kilikotoka.) Tarehe 17 Septemba 1862 jeshi la Kaskazini chini ya Jenerali McClellan, na jeshi la Kusini chini ya Jenerali Lee, yalikutana karibu na mji mdogo wa Sharpsburg katika jimbo la Maryland, kando ya kijito kiitwacho Antietam. Walipigana tangu alfajiri hata jioni. Siku ilipokwisha, watu wapatao 23,000 wa pande zote mbili walikuwa wamekufa, au wamejeruhiwa, au hawajulikani walipo. Na waliokufa siku ile ile hawakupungua 3,600. Hakuna siku moja nyingine ya vita katika historia ya Marekani iliyomwaga damu kiasi hicho. Usiku wa tarehe 18, Lee akavuka mto Potomac akarudi Virginia, akauacha uwanja, na maiti wake, mikononi mwa adui. Jambo hili la mwisho wanahistoria wa vita hulitaja upesi wakaendelea na mengine, lakini ndilo lililoamua ni nyuso za nani zitakazoonekana Broadway.

Aliyefika uwanjani na kamera hakuwa Brady. Walikuwa watu wawili wa kazi yake: Alexander Gardner, Mskoti aliyezaliwa Paisley mwaka 1821, ambaye alikuwa msimamizi wa nyumba ya Brady mjini Washington, na James Gibson, msaidizi wake. Walianza kazi siku mbili baada ya mapigano, na katika siku chache wakapiga picha zipatazo 70, ambazo kama 20 katika hizo zilionyesha maiti.

Kazi ya picha zama zile haikuwa ya kubonyeza na kwenda zako. Mpiga picha alichukua kipande cha kioo, akakipaka maji mazito yaitwayo kolodioni, akakichovya gizani katika dawa ya nitrati ya fedha, akakimbia nacho kwenye kamera kikiwa bado kibichi, akakifunulia mwanga kwa sekunde kadhaa, kisha akakimbia nacho tena hadi kwenye gari lake lililofunikwa giza ili akisafishe kwa dawa nyingine kabla hakijakauka. Alikuwa na dakika kumi tu au zaidi kidogo kwa mambo hayo yote. Vumbi likiingia, kioo kimeharibika. Mkono ukitetemeka, kazi imepotea. Tena ilikuwa uwanjani, kwenye jua na harufu ambayo wenyeji wa Sharpsburg waliikumbuka maisha yao yote.

Kwa sababu ya zile sekunde, mtu aliyekimbia, farasi aliyeruka, bendera iliyopepea, vyote viligeuka ukungu juu ya kioo. Mapigano yenyewe hayakupigika picha. Katika uwanja wa Antietam hapakuwa na kitu kilichotulia mbele ya kamera kama mfu. Huo haukuwa uamuzi wa mpiga picha. Ulikuwa uamuzi wa dawa na kioo. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Watu wa mjini walikuwa wamezoea michoro ya wapanda farasi wakishambulia panga mkononi, na majenerali walioanguka kwa madaha mikononi mwa wenzao. Sasa walionyeshwa vita ambavyo havina shambulio wala madaha: viatu vilivyovuliwa, mikono iliyokakamaa, na safu ya watu kando ya ua wa mbao kana kwamba wamelazwa hapo na mtu mmoja kwa zamu.

Ikumbukwe pia kwamba gazeti la wakati ule halikuweza kuchapa picha ya kamera. Ilibidi fundi aitazame picha na kuichonga upya katika ubao, na ubao ndio uliochapwa. Harper's Weekly lilichapa michongo ya namna hiyo kutokana na picha za Antietam tarehe 18 Oktoba 1862, nayo inafaa kulinganishwa na picha zenyewe: patasi ya fundi imempa kila maiti mpaka safi na imeondoa ile hali ya mwili kuanza kuvimba. Njia ya kuchapa picha yenyewe pamoja na maandishi ilionekana katika gazeti la New York mwaka 1880, miaka kumi na minane baadaye. Basi aliyetaka kuona kile kilichoonwa na kioo hakuwa na budi kununua picha au kupanda ngazi ya Brady. Maonyesho yalikuwa ndilo gazeti.

Je, lilikuwa jambo jipya? Duniani kote, la. Mwaka 1855 Mwingereza Roger Fenton alionyesha mjini London picha zaidi ya 300 za vita vya Crimea, na katika hizo zote hamna maiti hata mmoja. Mna maofisa mbele ya mahema yao, na bonde tupu lililotapakaa risasi za mizinga. Mwaka 1860 Felice Beato alipiga picha za Wachina waliouawa katika ngome za Taku, lakini Wazungu walionunua picha zile hawakuwa na jamaa humo. Waliolala Antietam walikuwa Wamarekani, na waliowainamia walikuwa Wamarekani. Hilo ndilo lililokuwa jipya.

Wamarekani, ndiyo, lakini wa upande gani? Jeshi linalobaki uwanjani ndilo lenye kuzika, na kila jeshi huanza na watu wake. Gardner alipofika, sehemu kubwa ya wafu wa Kaskazini walikuwa wamekwisha kutiwa ardhini, ilhali wale wa Kusini walikuwa bado wamelala juani: kando ya barabara ya Hagerstown, ndani ya ile njia iliyodidimia ambayo tangu hapo huitwa Njia ya Damu, na mbele ya kanisa dogo jeupe la Wadunker. (Wadunker walikuwa watu wa madhehebu yaliyokataza kabisa kushika silaha. Kanisa lao, lililojengwa bila ya mnara kwa ajili ya unyenyekevu, lilitobolewa na mizinga siku ile, na picha yake pamoja na maiti mbele ya mlango ni miongoni mwa picha zilizojulikana zaidi.) Basi karibu wote walioonyeshwa Broadway walikuwa maiti wa adui. Maelezo ya baadhi ya picha yaliyataja hayo waziwazi, lakini ukamilifu wa jambo haukufahamika hadi miaka ya 1970, pale William Frassanito alipokwenda na picha hizo mkononi, akazilinganisha na miti, mawe na vilima vya Sharpsburg, akaonyesha mahali ambapo kamera ilisimama na, kwa picha nyingi, ni vikosi gani vilivyoanguka hapo. Kitabu chake juu ya Antietam kilitoka mwaka 1978. Ni kazi ya miguu na uvumilivu, na imewasahihisha wengi waliokuwa wakiandika wameketi.

Mwandishi wa New York Times hakuwa na elimu hiyo. Alisema kwamba orodha ya majina ya wafu katika gazeti la asubuhi husomwa na kusahauliwa pamoja na kahawa, na kwamba Brady, ingawa hakuileta miili yenyewe akailaza mbele ya milango ya watu, amefanya jambo linalokaribia sana na hilo. Kisha akasema asingependa kuwapo chumbani wakati mmoja wa wanawake walioinama juu ya picha atakapomtambua mumewe, au mwanawe, au nduguye. Ni hofu ya mtu mwenye moyo, nayo ndiyo iliyofanya makala yake yakumbukwe hadi leo. Tena hakushangilia maiti za adui, ingawa mji wake ulikuwa vitani; hilo nalo ni la kusifiwa.

Lakini hofu yake ilisimama kwenye mlango usio wake. Mama wa New York aliyekuwa na mwana katika Brigedi ya Waairishi, ambayo ilikatwa vibaya mbele ya Njia ya Damu, angeinama mchana kutwa na kioo chake asimwone. Mwanawe, kama alikufa, alikuwa amezikwa kabla Gardner hajafungua sanduku lake. Mama ambaye angeweza kumtambua mwanawe katika picha zile alikuwa Georgia, au Alabama, au Louisiana, nyuma ya mistari ya majeshi, na hapakuwa na treni ya kumleta Broadway. Huko Kusini, manowari za Kaskazini zilikuwa zimeziba bandari, dawa za picha zikawa adimu, na wapiga picha wengi wakafunga milango yao. Asiyekuwapo na lake halipo. Walioziona nyuso zile hawakuzijua, na waliozijua hawakuziona.

Kuna mtazamaji mmoja ambaye jambo hilo halikumpata kwa namna hiyo. Oliver Wendell Holmes, tabibu na mwandishi wa Boston, alipata simu ya maandishi kwamba mwanawe, kapteni katika jeshi la Kaskazini, amepigwa risasi shingoni Antietam. Akafunga safari kumtafuta, akaufikia uwanja Jumapili iliyofuata mapigano, akapita katikati ya makaburi mapya na farasi waliooza, na mwishowe akamkuta mwanawe hai ndani ya treni mjini Harrisburg. (Kijana huyo alikuja kuwa mmoja wa majaji mashuhuri wa Mahakama Kuu ya Marekani.) Holmes alikuwa mpenzi mkubwa wa picha, ndiye aliyebuni kile chombo chepesi cha mkononi cha kutazamia picha mbili mbili, ambacho kiliifanya picha ionekane kuwa na kina kama kitu chenyewe. Picha za Antietam zilipomfikia, ziliuonyesha uwanja ule ule aliokuwa ameutembea. Katika makala yake ya Julai 1863 alieleza kwamba mambo yote aliyokuwa ameyaona yalimrudia, hata akazifungia picha hizo ndani ya kabati, kama vile ambavyo mtu angeuzika mwili uliokatwakatwa. Hata hivyo hakusema zisingalipigwa. Alisema anayetaka kujua vita ni nini na azitazame. Macho hayana pazia, lakini kabati lina ufunguo, na Holmes, aliyekuwa na haki kuliko wengi ya kuzungumza, aliona vyote viwili vinahitajika.

Sifa za maonyesho zilimwendea Brady. Si haki kumlaumu kupita kiasi: yeye ndiye aliyetoa fedha, akanunua magari na dawa, akawatuma watu kwenye majeshi, na ilhali macho yake yalikuwa yakififia hakuweza kufanya kazi yote kwa mkono wake. Desturi ya biashara ilikuwa kwamba kazi ya nyumba hubeba jina la mwenye nyumba. Lakini Gardner aliondoka kwake, na mwaka 1863 akafungua nyumba yake mwenyewe Washington. Mwaka 1866 alitoa kitabu chake cha picha 100 za vita katika juzuu mbili, na katika kila picha akaandika jina la aliyeipiga. Kwa hesabu ya fedha kitabu kile kilishindwa. Watu walikuwa wamechoka na vita, na bei yake ilikuwa dola 150.

Ajabu ni kwamba mtu huyo aliyekuwa mwaminifu hivyo kwa majina ya wapiga picha hakuwa mwaminifu hivyo kwa wafu. Katika kitabu hicho imo picha ya kijana wa Kusini aliyelala nyuma ya ukuta wa mawe huko Gettysburg, Julai 1863, na bunduki imeegemezwa kando yake. Maelezo yanasema alikuwa mlenga shabaha aliyefia mafichoni pake. Uchunguzi wa Frassanito, aliouchapisha mwaka 1975, ulionyesha kwamba maiti huyo huyo alipigwa picha kwanza mahali pengine mteremkoni, kisha akachukuliwa na kulazwa ukutani kwa kuwa ukuta ulifaa zaidi. Na bunduki ile haikuwa ya mlenga shabaha. Hapana ushahidi wa namna hiyo kwa Antietam. Lakini baada ya Gettysburg ni vigumu kumtazama maiti yeyote katika kazi ya Gardner bila kujiuliza ni nani aliyemlaza pale. Kijana yule hakuwa na mtu wa kumtetea. Kama alivyofaa kuuawa na upande mmoja, ndivyo alivyofaa kupangwa na mpiga picha, na mahali alipoangukia kweli paliondolewa katika habari yake.

Wako wanaodai kwamba maonyesho ya Oktoba 1862 yaliugeuza moyo wa watu wa New York. Matendo ya mji ule hayaonyeshi hivyo. Tarehe 22 Septemba, siku tano baada ya Antietam, Lincoln alikuwa ametangaza kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi watakuwa huru kuanzia tarehe 1 Januari 1863; kwa hiyo mtu aliyepanda ngazi ya Brady alikuwa amekwisha kulisoma tangazo hilo, na aliweza kujiuliza watu hawa wamekufa kwa ajili ya nini. Picha hazikuweza kumjibu. Miezi tisa baadaye, Julai 1863, ghasia zilizuka New York juu ya sheria ya kuwaandikisha watu jeshini kwa lazima, na wafanya ghasia wakawaua watu weusi mitaani na kuyachoma moto makao ya yatima wao. Vita viliendelea hadi 1865.

Mwaka 1875 serikali ya Marekani ilimlipa Brady dola 25,000 kwa vioo vyake, fedha ambazo hazikutosha kumwondolea madeni. Alikufa maskini mwaka 1896. Tarehe 17 Septemba 1867 makaburi ya taifa yalikuwa yamezinduliwa Sharpsburg. Wamelazwa humo askari zaidi ya 4,700 wa Kaskazini waliofukuliwa kutoka mashambani. Wa Kusini hawakutiwa humo. Mifupa yao ilikusanywa polepole, miaka ya baadaye, ikazikwa katika miji ya jirani, na wengi wao hawana jina.

Miongoni mwa vioo vya Gardner viliopo hadi leo, kimoja kinaonyesha watu wawili wa Antietam karibu karibu. Mmoja ni ofisa wa Kaskazini kutoka Michigan, naye haonekani: kuna tuta la udongo mpya na ubao kichwani pake. Hatua chache kando yake amelala kijana wa Kusini, chali, hajazikwa. Gardner mwenyewe aliipa picha hiyo jina la tofauti kati ya aliyezikwa na asiyezikwa. Ukichukua kioo cha kukuzia, kama walivyofanya watu wa Broadway, herufi za ubaoni zinasomeka, na kwa herufi hizo Frassanito aliweza kumtambua ofisa yule na kikosi chake. Uso wa kijana nao unaonekana wazi zaidi kuliko herufi.